Mkuu wa idara hajaona hata dodoso langu: je, jina lake liingie kwenye makala?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nimemaliza shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na kutoka kwenye tasnifu yangu nimeandika makala kuhusu akina mama wanaochelewa kuanza kliniki ya wajawazito. Jarida tumeshalichagua. Msimamizi wangu anasema jina lake litangulie. Anasema pia tumweke mkuu wa idara, kwa sababu ndiye atakayelipia ada ya uchapishaji, ingawa hajawahi kuona hata dodoso langu. Kuna kijana wa takwimu aliyekaa nami tukasafisha data na kuzichambua. Huyo nimeambiwa nisimtaje kabisa kwa kuwa "alilipwa posho yake". Je, hili ni kosa au ndivyo kazi zinavyofanyika? Nikikataa nitaonekana mkaidi, na bado nahitaji barua yao ya kuombea nafasi ya udaktari wa falsafa.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kufika hapo. Nitakujibu kwanza, maelezo yafuate. Mkuu wa idara, kwa hali uliyoieleza, hastahili kuwa mwandishi wa makala yako. Msimamizi wako yaelekea anastahili, ila si wa kwanza. Na yule kijana uliyeambiwa usimtaje huenda ana haki kuliko mkuu wa idara. Kwa hiyo ndiyo, ni kosa. Ni kweli pia kwamba kazi nyingi hufanyika hivyo, huku kwetu na ng'ambo, na nimepokea miswada ya namna hiyo muda wote niliokuwa kwenye uhariri. Kuzoeleka kwake hakujaifanya iwe halali.

Majarida mengi ya afya, ya kwetu yakiwemo, yanafuata masharti ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba (ICMJE), iliyotokana na wahariri waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Kwa kamati hiyo, mwandishi ni yule aliyetimiza mambo manne, na yote kwa pamoja. Awe na mchango mkubwa katika kubuni au kupanga utafiti, au katika kukusanya data, kuzichambua au kuzifasiri. Awe ameandika rasimu, au ameipitia kwa kina na kuiongezea kitu cha kitaalamu. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe amekubali kuwajibika kwa kazi yote, maana yake swali likizuka kuhusu usahihi au uadilifu wa sehemu yoyote, atahakikisha limechunguzwa na kupata jibu. Sharti hili la nne liliongezwa mwaka 2013, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kamati hiyohiyo inasema waziwazi kwamba kutafuta fedha peke yake, au kusimamia kwa jumla kikundi cha watafiti, au kutoa msaada wa kiutawala, hakumpi mtu uandishi. Anayelipa ada ya jarida anashukuriwa mwishoni mwa makala, basi.

Najua utaniuliza: jina moja la ziada lina madhara gani? Mkuu atafurahi, msimamizi atatulia, wewe utapata barua yako. Nitakusimulia kisa kimoja cha London ambacho kila mhariri wa majarida ya tiba wa rika langu anakijua.

Mwezi Agosti 1994, jarida la Kiingereza la magonjwa ya wanawake na uzazi, British Journal of Obstetrics and Gynaecology, lilichapa taarifa ya mgonjwa mmoja. Daktari Malcolm Pearce wa hospitali ya St George's alieleza kwamba alikuta mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, akaitoa, akaipandikiza ndani ya mji wa mimba, na mama akajifungua mtoto mzima. Kwa mtu yeyote anayefanya kazi wodi ya wazazi, habari hiyo ni kubwa mno. Mimba ya aina hiyo huua akina mama, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumwokoa mtoto. Magazeti na televisheni yakaitangaza.

Ndani ya hospitali hiyohiyo watu wakaanza kuulizana: mama huyo ni nani, alilazwa lini, nani alikuwepo chumba cha upasuaji? Uchunguzi ulipofanyika, mgonjwa hakupatikana, kwa sababu hakuwahi kuwepo. Katika toleo lilelile la jarida kulikuwa na makala nyingine ya Pearce, ya jaribio la dawa kwa wanawake 191 wanaoharibikiwa mimba mara kwa mara, na wanawake hao nao hawakuonekana. Mwaka 1995 baraza la madaktari la Uingereza likamfutia usajili.

Kisa hiki kinakuhusu wewe kwa sababu ya jina la pili. Kwenye ile taarifa ya mgonjwa kulikuwa na jina la Profesa Geoffrey Chamberlain. Alikuwa mkuu wa idara ya Pearce. Alikuwa pia mhariri mkuu wa jarida lenyewe, na rais wa chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Uingereza. Hakumfanyia upasuaji mtu yeyote wala hakubuni uongo ule. Maelezo yake yalikuwa kwamba ni desturi kumweka mkuu wa idara kwa heshima. Alijiuzulu urais, akajiuzulu na uhariri. Mtu aliyejenga heshima yake kwa miongo kadhaa aliipoteza kwa makala ambayo hakuwa na mchango wa maana ndani yake.

Rudia kusoma aya hiyo ukimfikiria mkuu wako wa idara. Desturi anayotaka kuifuata ni ileile, na sababu ni ileile. Hakuna anayesema data zako ni za uongo, ila yeye hana namna ya kujua. Akiitwa kesho na kuulizwa akina mama wangapi walihojiwa na kibali cha maadili kilitoka wapi, atajibu nini? Kumwacha nje ya orodha ni kumlinda. Visa kama hicho ndivyo vilivyowasukuma wahariri wachache wa Uingereza kuanzisha Kamati ya Maadili ya Uchapishaji (COPE) mwaka 1997, ambayo leo ndiyo majarida ya dunia nzima huitegemea kwa miongozo.

Usidhani mambo haya yaliishia zama za karatasi. Tarehe 22 Mei 2020, wakati dunia imejifungia kwa sababu ya korona, The Lancet ilichapa utafiti uliosema kwamba dawa ya hydroxychloroquine iliongeza vifo vya wagonjwa wa korona. Data zilidaiwa kuwa za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita, zote zikitoka kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Watafiti waliosoma makala kwa makini wakaandika barua ya wazi, na moja ya hoja zao iliihusu Afrika. Kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona wa bara letu, na asilimia 40 ya vifo, vilitokea kwenye hospitali zenye mfumo wa kisasa wa kielektroniki uliounganishwa na kampuni hiyo. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta faili la mgonjwa kwenye hospitali ya wilaya angeshtuka kusoma hivyo.

Waandishi walikuwa wanne. Mmoja alikuwa mwenye kampuni. Watatu, akiwemo profesa mashuhuri aliyetangulia kwenye orodha, hawakuwa wameziona data ghafi. Wakaguzi wa nje walipoziomba, kampuni ilikataa kuzitoa. Tarehe 4 Juni watatu hao waliiondoa makala, wakisema hawawezi tena kuthibitisha ukweli wa data. Haikufika hata wiki mbili tangu ichapwe. Tangu hapo jarida hilo limebadili fomu zake: waandishi zaidi ya mmoja lazima watamke kwamba wamezifikia data na kuzihakiki wenyewe. Majarida mengine nayo yanazidi kudai tamko la namna hiyo, na mkuu wako akiwemo kwenye orodha atatakiwa kusaini. Atasaini nini?

Sasa tuje kwa msimamizi wako. Hapa nataka uwe mwadilifu kwake kama unavyotaka yeye awe kwako. Msimamizi aliyekaa nawe ukachagua swali, akakurekebishia mbinu ya kupata sampuli, akakurudishia sura ya tatu mara kadhaa ikiwa imejaa wino, huyo ametimiza sharti la kwanza. Akiisoma makala na kuisahihisha, kuidhinisha na kukubali kuwajibika, ni mwandishi kamili, na kumwacha nje kungekuwa kosa lako. Wapo wanafunzi wanaochapa kimyakimya bila msimamizi kujua, wakidhani tasnifu ni mali yao peke yao. Nalo ni kosa la maadili, na makala kadhaa zimeondolewa kwa sababu hiyo.

Kuhusu nani atangulie, ICMJE haipangi. Inawaachia waandishi wakubaliane wenyewe. Kila fani ina mazoea yake: wanahisabati na wanauchumi wengi hupanga kwa alfabeti. Kwenye afya na tiba, wa kwanza anaeleweka kuwa ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika rasimu, na wa mwisho ndiye mtafiti mwandamizi aliyeongoza. Nafasi ya mwisho ina hadhi yake, na kamati za ajira na ufadhili zinaitambua. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kimeandika kabisa kwenye kanuni zake kwamba makala inayotokana kwa kiasi kikubwa na tasnifu ya udaktari humtanguliza mwanafunzi, isipokuwa kuwe na sababu ya pekee. Sioni kwa nini uzamili uwe tofauti. Ulibuni, ukaenda kliniki, ukahoji, ukaandika. Wa kwanza ni wewe.

Naelewa pia kinachomsukuma. Vyuo vyetu vingi hupandisha vyeo kwa kuhesabu makala, na nafasi ya jina kwenye orodha huingia kwenye hesabu. Mhadhiri anayefundisha madarasa makubwa, anayesahihisha mitihani hadi usiku na asiyepewa senti ya utafiti, makala ya mwanafunzi ndiyo njia yake ya karibu ya kufikia uhadhiri mwandamizi. Shinikizo hilo lipo, na wakuu wa vyuo wanapaswa kulijibu kwa kubadili vigezo vyao. Lakini lisilipwe kwa jasho la mwanafunzi.

Kijana wa takwimu ndiye anayenigusa zaidi katika barua yako, kwa sababu yeye hana wa kumsemea. Eti alilipwa posho. Msimamizi wako naye analipwa mshahara, na hakuna anayesema kwa hiyo asiwe mwandishi. Malipo hayahesabiwi kwenye masharti yale manne, kinachohesabiwa ni mchango. Kama kazi yake ilikuwa kuingiza majibu ya dodoso kwenye kompyuta kwa maelekezo yako, shukrani zinamtosha. Lakini wewe umesema mlizisafisha na kuzichambua pamoja. Jiulize nani aliamua kipimo kipi cha takwimu kitumike. Nani aligundua kwamba baadhi ya akina mama waliandikwa mara mbili? Nani alikueleza umri wa mama na idadi ya watoto zisomwe vipi kwa pamoja ili matokeo yasikudanganye? Kama ni yeye, sharti la kwanza amelitimiza. Na ICMJE imeweka kinga kwa watu wa aina yake: aliyetimiza sharti la kwanza asinyimwe uandishi kwa hila ya kumnyima nafasi ya kusoma na kuidhinisha rasimu. Ni lazima apewe nafasi hiyo.

Waafrika tumelalamika kwa miaka mingi, na kwa haki, juu ya watafiti wanaokuja na ndege, wakachukua damu na data zetu, wakaandika makala bila jina hata moja la mtu wa hapa. Mwaka 2022, mkutano wa dunia wa uadilifu katika utafiti uliofanyika Cape Town ulilishughulikia jambo hilo, likatoka tamko linalobeba jina la jiji hilo. Hatuwezi kudai haki hiyo kwa wageni huku tukimfuta kijana wetu wenyewe.

Utaongeaje nao, basi? Kwetu mkubwa hakatazwi mbele za watu, na sikushauri uandike barua pepe ya kumshutumu msimamizi na kuwanakilia wengine. Nenda ofisini kwake peke yako, saa aliyotulia. Usianze na neno maadili. Mtu mzima akiambiwa hana maadili hatasikia kinachofuata. Anza na fomu. Jarida mlilochagua lina maelekezo kwa waandishi, na yaelekea lina fomu ya michango inayotumia orodha ya majukumu 14 iitwayo CRediT: kubuni wazo, kuandaa mbinu, kukusanya data, kuchambua, kuandika rasimu ya kwanza, kuhariri, kusimamia, kutafuta fedha na mengineyo. Ichape. Jaza mistari yako na ya yule kijana, wa msimamizi uache wazi, umwambie: "Mwalimu, jarida linataka tujaze hii na kila mtu asaini kwamba anawajibika kwa data. Naomba unisaidie, sijui nijaze nini kwa mkuu wa idara." Kisha nyamaza umwache aisome mwenyewe. Mara nyingi mtu akikodolea macho mstari usio na cha kujazwa, mjadala huisha bila mzozo. Kuwa mwangalifu na kisanduku cha kutafuta fedha: kipo kwenye orodha na atakuonyesha. Orodha hiyo inaeleza nani alifanya nini. Anayestahili kuwa mwandishi anaamuliwa na yale masharti manne.

Ukitaka kumwachia mlango wa heshima, upo. Mpelekee mkuu wa idara data na rasimu kabla hamjakamilisha chochote, umwombe maoni ya kitaalamu juu ya tafsiri ya matokeo. Akizisoma kwa dhati, akaona kitu ambacho nyinyi hamkukiona na makala ikabadilika kwa sababu yake, hapo ameanza kuwa mwandishi kwa haki. Akisema hana muda, amejibu mwenyewe.

Ada isiwe kamba ya kukufunga. Majarida mengi makubwa yanayosomwa bure mtandaoni hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, mradi uombe wakati wa kuwasilisha mswada. Ukisubiri hadi makala ikubaliwe, mara nyingi umechelewa. Yapo pia majarida ya Afrika yasiyotoza chochote, na mengi utayakuta kwenye tovuti ya AJOL yenye makao Afrika Kusini. Na jina linalopatikana kwa kulipa lina ndugu mbaya kuliko unavyodhani. Viwanda vya makala bandia huuza nafasi za uandishi kwa bei inayopanda kadiri jina linavyokaribia mwanzo wa orodha. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 ziliondolewa duniani, na zaidi ya 8,000 kati ya hizo zilitoka shirika moja la uchapishaji, Hindawi, ambalo viwanda hivyo vilikuwa vimelipenya. Mkuu wako si mhalifu wa namna hiyo, lakini mhariri anayeona jina lisilo na mchango hawezi kujua tofauti.

Kama jina la jarida lilikufikia kwa barua pepe ya kukusifu na kukuahidi kuchapa ndani ya siku chache, simama kwanza. Mwaka 2013 mwandishi wa habari wa jarida la Science, John Bohannon, alituma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Waandishi wa kubuni aliowatumia aliwapa majina na taasisi za kubuni za Afrika. Nililipokea hilo kwa uchungu, kwa sababu linaonyesha nani wanaolengwa na biashara hiyo.

Na msimamizi akikataa kabisa? Usitume makala kwa siri. Kila mwandishi lazima aidhinishe toleo la mwisho, na ukituma bila yeye umevunja kanuni uliyotaka kuilinda. Usitegemee pia kwamba mhariri ataamua ugomvi wenu. Miongozo ya COPE inamtaka asimamishe mchakato na kuirudisha kesi kwa taasisi yenu. Kuongeza au kuondoa jina baada ya kuwasilisha kunahitaji maelezo na saini za wote, akiwemo anayeondolewa. Kwa hiyo mambo yamalizwe kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili, au ofisi ya utafiti ya chuo, ukiwa na fomu na mawasiliano yenu, uombe ushauri badala ya kufungua mashtaka. Hutakuwa wa kwanza kufika pale na swali hili.

Hatari ya ile barua ya udaktari naijua, na sitakudanganya kwamba haipo. Kama umeona kwamba kupambana sasa kutakufungia mlango, unaweza kuchelewesha makala kwa miezi michache hadi barua itoke. Akina mama wa kliniki wanakudai matokeo, ila kuchelewa kidogo kunarekebishika. Makala ikishatoka na jina lisilostahili, kulitoa kunahitaji jarida lichapishe masahihisho ambayo yataonekana milele kando ya jina lako.

Kama kibali chako cha maadili kilitoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, soma masharti yaliyo kwenye cheti, kwa kuwa kuna kibali cha kuchapisha matokeo kinachotakiwa kuombwa, na wanafunzi wengi hukikumbuka makala ikiwa tayari mikononi mwa mhariri. Na yule kijana mtafute wiki hii, umpe rasimu yote aisome. Akisema hataki kuwa mwandishi, mwombe ridhaa yake kwa maandishi ili umtaje kwenye shukrani kwa jina na kwa kazi aliyofanya. ICMJE inataka ridhaa hiyo kwa kila anayetajwa pale, na mkuu wa idara naye ni hivyohivyo.